AC ya shangazi, na historia ya upepo uliobaki bombani

Najua nimepotea, msinilaumu. Test tatu ndani ya wiki mbili, ripoti ya field, na bumu lilichelewa mpaka bando la kuingilia humu nimekopa. Sasa nimerudi. Nipo kimbwetani, saa tatu usiku, mbu wanakula chakula cha jioni kwangu.

Leo sina umbea wa hosteli. Nina historia. Nyie wa kitivo cha historia msicheke, hata sisi wa uhandisi mitambo tuna mababu zetu. Na hii nimeiandika kwa sababu kuna kitu kinanikaa rohoni. Nikisema hapa kwanza, pengine Jumamosi nitaweza kukisema panapotakiwa.

Iko hivi. Kabla sijaanza chuo, shangazi yangu mwenye duka la dawa kule Mbagala alivuta hela yake ya kikoba akanunua AC. Siyo kwa ajili ya kujidai. Dawa nyingi pale rafuni zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na nyie mnalijua joto la Dar mwezi wa pili. Feni inazungusha joto lile lile tu. Basi akanunua split ya BTU 12,000, gesi R-410A, akaniambia, "Baba, mwite binamu yako mje mnifungie."

Binamu yangu ni fundi AC. Kajifunza kwa fundi mwingine mtaani, ana mkono mzuri, na mimi nilimkubali kuliko mtu yeyote. Nikashika ngazi, nikatoboa ukuta, nikasaidia kukunja mabomba ya shaba. Tulipomaliza kufunga nati, akafungua kidogo valvu ya mashine ya nje, akalegeza nati moja. Ikatoka ssssss, akahesabu moja mpaka kumi, akakaza. "Upepo umetoka," akasema. Tukawasha. Baridi ikaja, shangazi akacheka, tukala wali na samaki wa nazi.

Baada ya miezi kumi na moja ile AC ikafa. Fundi mwingine akaja akapima, akasema kompresa imeungua, ni umeme tu huo. Shangazi akaamini, akarudi kwenye feni. Mpaka leo pale ni feni.

Semesta hii sasa. Mwalimu wa maabara katuletea kompresa iliyoungua, imekatwa katikati. Mafuta meusi, harufu ya uchachu inakata pua. Akatia tone la mafuta kwenye dawa ya kupimia asidi, rangi ikageuka. Akauliza, "Asidi imetoka wapi, wakati kiwandani iliwekwa gesi safi na mafuta safi?" Darasa kimya. Akajibu mwenyewe, "Imetoka kwa fundi aliyeacha maji bombani."

Wadau, nilisikia ile ssssss masikioni.

Nikaenda kupiga msuli maktaba. Sikutaka kujua tu kosa ni lipi, hilo nilishalijua. Nilitaka kujua limetoka wapi, maana binamu yangu siyo mjinga na wala siyo tapeli. Kumbe jibu limejificha kwenye historia nzima ya hii mashine. Twende taratibu.

Tuanze na neno "tani". Mnasikia mafundi wakisema "AC ya tani moja". Siku ya kwanza nilidhani ni uzito, nikajiuliza ule ukuta wa shangazi utahimili vipi. Kumbe ni barafu. Kabla ya mashine za baridi, baridi ilikuwa inauzwa. Mfanyabiashara wa Boston anaitwa Frederic Tudor alikuwa anakata barafu kwenye maziwa yaliyoganda Marekani, anaipanga melini. Mwaka 1806 alipeleka shehena kisiwa cha Martinique, na mwaka 1833 barafu yake ikafika Calcutta, India. Watu walizoea kuhesabu baridi kwa tani za barafu. Mashine zilipokuja wakabaki na kipimo kile kile: tani moja ya ubaridi ni joto linalotosha kuyeyusha tani moja ya barafu (tani ya Kimarekani, ya ratili 2,000) kwa saa 24. Hiyo ndiyo BTU 12,000 kwa saa. Kwa hiyo AC ya shangazi ilikuwa na uwezo wa kufanya kazi ya tani nzima ya barafu kila siku pale Mbagala. Mashine imebadilika, neno limebaki. Hili lishikeni, tutalirudia.

Sasa baridi ya kutengeneza ilianzaje? Hapa ndipo niliposhtuka. Ilianza na ombwe. Ombwe ni mahali ambapo hewa yote imetolewa, ndilo lile mafundi wanaliita vakyumu. Mwaka 1644 Evangelista Torricelli wa Italia alieleza kwenye barua jaribio la mrija wenye zebaki: ukiupindua ndani ya bakuli, zebaki inashuka kisha inasimama kwenye kimo cha kama milimita 760, na juu yake panabaki patupu. Miaka ya 1650 Otto von Guericke kule Magdeburg, Ujerumani, akatengeneza pampu ya kufyonza hewa. Akaunganisha vikombe viwili vikubwa vya shaba, akatoa hewa ndani, farasi wa upande huu na upande ule wakavuta, vikombe havikuachana.

Halafu akaja William Cullen, tabibu na mwalimu wa kemia kule Scotland. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1756. Aliweka etha, kimiminika kinachoruka haraka, ndani ya chombo, akafyonza hewa juu yake kwa pampu. Etha ikachemka bila moto. Na ili ichemke ilibidi inyang'anye joto la vitu vya jirani, mpaka maji yaliyokuwa pembeni yakaganda. Yaani baridi ya kwanza ya kutengenezwa na binadamu ilizaliwa kwa pampu ya ombwe.

Cullen hakuuza friji. Lakini kanuni ilishapatikana: kimiminika kikichemka kinabeba joto, na ukishusha presha kinachemka hata kwenye baridi. Mwaka 1834 Jacob Perkins, Mmarekani aliyekuwa anaishi London, akapata hataza ya mashine inayozungusha ile etha: inachemka huku, inakandamizwa, inarudi kuwa kimiminika kule, inazunguka tena. Ukichora mchoro wa Perkins na mchoro wa AC ya shangazi, ni ndugu wa tumbo moja.

Na hapo hapo kuna jambo la pili. Ukihamisha joto kutoka huku kwenda kule, basi kule kunapata joto. Mwaka 1852 William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, akaeleza kwamba mashine kama hiyo inaweza kupasha nyumba kwa nishati ndogo kuliko kuchoma makaa moja kwa moja. Hiyo ndiyo pampu ya joto. Mwaka 1938 ukumbi wa jiji la Zürich, Uswisi, ukaanza kupashwa kwa pampu ya namna hiyo, joto likichotwa kwenye maji ya mto Limmat. Maji ya mto wa Ulaya, na baridi ile! Lakini joto limo, ukijua kulipandisha. Wadau wa Njombe na Makete mnaotetemeka mwezi wa sita, mkikuta split yenye alama ya jua kwenye rimoti, mjue ni mashine ile ile, imeongezwa valvu ya njia nne ya kugeuza mwelekeo wa gesi.

Kiyoyozi chenyewe, kwa maana ya kutawala hewa ya chumba, kinahesabiwa kuanzia mwaka 1902 huko Brooklyn. Kijana wa miaka 25 anaitwa Willis Carrier alipewa shida ya kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms. Siku za unyevu karatasi inafura, siku kavu inasinyaa, na kwa kuwa rangi zinapigwa moja baada ya nyingine, picha inatoka imepishana. Carrier akatumia mabomba baridi kukausha hewa. Kwa hiyo kiyoyozi cha kwanza kilifungwa kwa ajili ya karatasi, siyo kwa ajili ya bosi. Adui alikuwa maji yaliyomo hewani.

Miaka ile gesi zenyewe zilikuwa balaa. Amonia, salfa daioksaidi, methili kloraidi: bomba likivuja usiku, familia inaweza isiamke. Albert Einstein na mwenzake Leo Szilard waligusika kiasi cha kubuni friji isiyo na sehemu zinazozunguka ili kusiwe na pa kuvuja, wakapata hataza Marekani mwaka 1930. Mwaka huo huo Thomas Midgley akasimama mbele ya wanakemia wenzake, akavuta pumzi ya gesi mpya aliyoshiriki kuitengeneza, akaipuliza kwenye mshumaa ukazimika. Haina sumu, haiwaki. Ndiyo ukoo wa CFC, na R-22 iliyokuja baadaye ni binamu wa ukoo huo.

Njia ya pili ya kuzuia uvujaji ilikuwa kufunga kila kitu kiwandani. Friji ya General Electric ya mwaka 1927, ile yenye kompresa ya duara kichwani, ilitoka kiwandani imezibwa moja kwa moja: mota, kompresa, mafuta na gesi ndani ya chuma kimoja. Nyumbani unachomeka tu. AC za dirishani zikafuata mtindo huo huo. Anayefunga anahitaji watu wawili wa kubeba, kabati la mbao na skrubu. Gesi haigusi. Kiwandani walishakausha, walishafyonza, walishapima. Fundi wa dirishani hata akiwa mvivu, hawezi kuharibu ndani.

Tatizo la ile ya dirishani ni kelele. Umelala na kompresa chumba kimoja! Mwanzoni mwa miaka ya 1960 viwanda vya Japani vikaikata mashine vipande viwili: kompresa na kelele zake zikapelekwa nje, chombo cha baridi kikabaki ndani, na kati yao mabomba mawili membamba ya shaba yanayopita kwenye tundu la ukutani la sentimita sita au saba. Hakuna mifereji mikubwa ya hewa juu ya dari. Mwaka 1968 Mitsubishi Electric wakatoa ile ya kutundika juu ukutani, nyembamba na ndefu, yenye feni ya mviringo kama pipa refu, umbo ambalo mpaka leo ukisema AC ndilo linalokuja kichwani. Mwaka 1981 Toshiba wakaleta inveta kwenye AC ya nyumbani, kompresa ikaweza kukimbia taratibu au haraka badala ya kuwaka na kuzimika.

Wote tunaisifia split kwa ukimya wake. Ila fikirieni kilichotokea siku ile walipoikata. Kile chuma kilichozibwa kiwandani kimefunguliwa! Split inatoka kiwandani ikiwa haijaisha. Gesi imefungiwa kwenye mashine ya nje, na mabomba uliyonunua dukani ni matupu, yamejaa hewa ya Mbagala yenye mvuke wa bahari ndani yake. Hatua ya mwisho ya kiwanda, ile ya kukausha na kufyonza na kupima, imehamishiwa ukutani kwa mteja, juu ya ngazi, juani, mikononi mwa binamu yangu na mimi niliyeshika spana.

Sasa ile ssssss imetoka wapi? Hapa nawaomba msimcheke binamu. Enzi za R-22, kutoa upepo kwa kupuliza gesi ilikuwa njia ya kawaida duniani, na hata vitabu vya maelekezo vya baadhi ya mashine ndogo viliieleza. Unatumia gesi iliyomo kwenye mashine ya nje kusukuma hewa itoke upande wa pili. Mafuta ya R-22 yalikuwa ya madini, yale yanayotokana na petroli ghafi, na hayapendi maji. Yakibaki matone mawili matatu, mashine inavumilia. Fundi aliyemfundisha binamu alifanya hivyo na AC zake zikadumu. Alimfundisha kile kilichokuwa kinafanya kazi.

Ila dunia ilishabadilika juu ya vichwa vyao. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland waliandika kwamba CFC zikipanda juu zinavunja ozoni. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza wakatangaza tundu la ozoni juu ya Antaktika. Tarehe 16 Septemba 1987 Mkataba wa Montreal ukasainiwa. Marekani ikapiga marufuku kuziachia gesi hizo hewani kwa makusudi wakati wa matengenezo kuanzia Julai 1992. Ile ssssss, huko ikawa kosa la kisheria. R-22 nayo, ingawa madhara yake ni madogo kuliko CFC, ikapangiwa kuondoka. Kwa nchi zinazoendelea ratiba ya kupunguza inafika mwaka 2030, ukiacha kiasi kidogo cha matengenezo.

Ndipo ikaja R-410A, iliyoingia kwenye AC za nyumbani Marekani mwaka 1996. Haigusi ozoni. Lakini presha yake ni kubwa kwa kama asilimia 60 kuliko R-22, na haielewani na mafuta ya zamani. Ikabidi yatengenezwe mafuta mapya ya aina ya poliolesta. Na haya mafuta, wadau, yanapenda maji kama chumvi iliyoachwa wazi pwani. Yanayafyonza, yanaungana nayo, joto la kompresa likipanda yanavunjika na kutoa asidi. Asidi inakula varnishi ya waya za mota. Waya zikigusana, kompresa imeungua. Anayekuja na mita anakuta mota imepiga shoti, anasema "umeme". Hajadanganya. Kaona mwisho wa hadithi tu.

Kwa hiyo mashine iliyokuwa ukutani kwa shangazi haikuwa ile ambayo mkono wa binamu uliifahamu. Kama neno "tani" lilivyobaki baada ya barafu kwisha, ssssss ilibaki baada ya R-22. Tofauti ni kwamba neno la zamani halimdhuru mtu.

Nimeandika hapa namna inavyotakiwa, kwa ajili ya kila mdau mwenye AC au mwenye ndugu fundi.

Kwanza mabomba. Yakatwe kwa kikatio, vumbi la shaba litolewe huku mdomo wa bomba ukiangalia chini, mdomo upanuliwe kwa pembe ya nyuzi 45, na nati zikazwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Bomba la robo inchi linataka kama nyutoni-mita 14 hadi 18, la inchi tatu kwa nane kama 33 hadi 42. Mkono unaosema "imekaza hii" unakaza pungufu au unapasua shaba.

Pili, jaribio la presha, kwa nitrojeni kavu. Isiwe oksijeni hata kwa dharura, maana oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inalipuka. Presha inapandishwa kwa hatua, na kwa R-410A vitabu vingi vinataja karibu mara 40 ya hewa tunayovuta. Fuata kitabu cha mashine yako. Kila kiungio kinapakwa povu la sabuni. Kisha unaacha na kusubiri. Ukirudi ukumbuke na hali ya hewa: joto likishuka nyuzi 10 presha nayo inashuka kama asilimia 3 bila tundu lolote. Kwenye mashine ya pampu ya joto hatua hii ina uzito zaidi, kwa sababu ikigeuzwa kupasha, bomba la gesi linaloingia ndani linabeba presha kubwa.

Tatu, ombwe. Hapa Cullen na Torricelli wanarudi kazini. Ukifyonza bomba presha inashuka, na maji yanachemka kwenye joto la kawaida, sawasawa na ile etha, yanatoka kama mvuke. Kwa nyuzi 30 maji yanaanza kuchemka presha ikishuka kwenye milimita 32 hivi za zebaki. Lakini huishii hapo, unataka yaishe kabisa. Kipimo ni mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita ya zebaki ya Torricelli, na mafundi wazuri wanashuka chini ya mikroni 500. Hiyo ni nusu milimita kutoka 760! Geji ya mshale haiwezi kukuonyesha. Tofauti ya mikroni 500 na 5,000 ni milimita nne na nusu, haizidi sana unene wa mshale wenyewe. Inatakiwa geji ya kidijitali ya ombwe. Na ile valvu ndogo juu ya pampu, ambayo wengi hawajui kazi yake, ilibuniwa na Mjerumani Wolfgang Gaede mwaka 1935: inaingiza hewa kidogo ili mvuke usigeuke maji ndani ya mafuta ya pampu.

Ukifika chini unafunga valvu na kuangalia geji. Namba ikipanda kidogo kisha ikasimama, bado kuna maji, endelea kufyonza. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu, rudi kwenye sabuni. Ikitulia, sasa ndiyo fungua gesi.

Nne, washa na upime. Mwaga maji kwenye trei uone yanatoka nje na siyo kwenye ukuta wa mteja. Pima ampea ulinganishe na kibandiko cha mashine. Baada ya robo saa pima hewa inayoingia na inayotoka, kwa kawaida tofauti ni nyuzi 8 hadi 12, ingawa kwenye unyevu wa pwani inaweza kuwa pungufu. Andika namba zote kwenye karatasi, mwachie mwenye mashine. Shangazi hakuachiwa karatasi yoyote. Aliachiwa baridi tu, na baridi ya siku ya kwanza haithibitishi kitu. Hata mashine yenye maji ndani inapoza vizuri siku ya kwanza.

Na historia haijaisha. Tarehe 15 Oktoba 2016, hapo jirani Kigali, nchi za dunia zilikubaliana kupunguza na gesi za aina ya R-410A, kwa sababu zinapasha joto dunia. Kilo moja ya R-410A ikitoka hewani ni sawa na zaidi ya tani mbili za kabonidayoksaidi. Ndiyo maana sasa mnaona R-32, ambayo Daikin waliianzisha kwenye AC za nyumbani Japani mwaka 2012, na R-290 ambayo ni propani. R-32 inaweza kuwaka, ingawa kwa shida. Propani hamna haja ya kuambiwa. Sasa piga picha fundi mwenye mkono wa R-22 anapuliza ssssss ya propani chumbani, na jirani anawasha jiko. Safari hii hatutakuwa tunaongelea kompresa tena.

Wiki iliyopita nilimpigia binamu. Niliogopa ataona mdogo wake kaenda chuo kaanza kumfundisha kazi. Nikamweleza hivi hivi kama nilivyowaeleza nyie, kuanzia barafu. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza swali moja tu: "Pampu ya vakyumu na hiyo geji yake zinapatikana kwa shilingi ngapi?" Nikamtajia. Akaguna. Akasema kwa bei anazolipwa na watu wanaotaka AC ifungwe kwa saa moja, hizo hela azitoe wapi. Hilo nalo ni kweli, na sikuwa na jibu. Mteja anayebishana bei ya kufunga kuliko bei ya mashine naye anashika spana bila kujua. Mwishowe akasema, "Tuchange, bwana mdogo."

Kwa hiyo bumu la safari hii nusu yake limeshapata mwenyewe. Msinialike sehemu.

Jumamosi naenda Mbagala. Nitamsalimia shangazi, shikamoo, nitakaa kwenye lile benchi la wagonjwa, na nitamwambia kwamba hela yake ya kikoba haikuungua na umeme. Iliungua mikononi mwetu, kwa maji ambayo hakuna aliyeyaona. Sijui atasema nini. Najua tu kwamba kila akipanga dawa anamlaumu asiyehusika, na mimi nimekula wali wake nikiwa nimekaa kimya.

Nikirudi nitawaambia ilikuwaje. Wenye AC nyumbani, kamuulizeni fundi wenu swali moja: alifyonza, au alipuliza?

Ni hayo tu wadau. Kesho nina kipindi saa moja asubuhi na desa sijagusa. Usiku mwema.